Nilitangaza Kiuno cha Mteja, na Mama Ananitetea

Shikamoo mshauri. Nimeanza na salamu makusudi, ujue kwamba kusalimia najua, kwa kalamu naweza kusalimia hata mtaa mzima, shida yangu ni mdomo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Nikijichanganya unisamehe, kwa sababu darasani tunasoma kwa lugha moja na nyumbani tunaishi kwa nyingine, na jambo hili nimelifikiria kwa zote mbili na bado sielewi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba. Mama yangu ni fundi wa nguo za kike, chumba chetu cha mbele ndicho duka, kuna cherehani mbili, ovaloki moja ya kufungia kingo za vitambaa, meza ya kukatia, benchi la wateja, na pazia la maua kwenye kona ambapo wateja wanajaribia nguo. Wakati wa likizo mimi ndiye mwenye daftari la vipimo, na kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya mwandiko, maana nilipokuwa darasa la sita nilipata cheti cha mwandiko bora, mama akakitia kwenye fremu akakitundika juu ya ovaloki, na hakuna mteja anayekaa kwenye lile benchi dakika mbili bila kuonyeshwa. "Mwandiko wa mwanangu huo," anasema, "hata aliyesahau miwani anausoma." Mimi nainamia daftari mpaka wamalize kusifu.

Sasa lazima nikueleze mama anavyopima, la sivyo hutaelewa ubaya nilioufanya. Mafundi wengine wanapima huku wanaita namba, yule wa kona ya pili anaita kama yuko mnadani, kifua arobaini na mbili, nyonga hamsini, mpaka wapita njia wanageuka. Mama hasemi namba. Anazungusha futi kiunoni mwa mtu, anabana kidole gumba penye namba, halafu anaivuta ile futi nyuma ya mgongo wa mteja ananionyesha ukucha, mimi naandika, yeye anaendelea kumuuliza mteja habari za watoto kana kwamba hakuna kinachopimwa. "Namba ya mtu haisemwi, inaandikwa," ndiyo sheria ya kwanza aliyonipa, kabla hata ya kunifundisha kutia uzi kwenye cherehani. Na mteja akijitajia namba yake, aseme kiuno changu ni thelathini na mbili wakati sote tunaona vingine, mama anajibu "sawa dada," anakata kwa ile ya ukucha, gauni linamkaa vizuri, mteja anaondoka akiamini ni thelathini na mbili. Mimi zamani nilidhani huo ni uongo. Sasa sijui ni nini.

Kuna mama mmoja tunamwita Mwenyekiti, ni mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, kwaya nzima inashonewa sare na mama yangu. Kazini kwake ni kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, anakaa dirishani, kwa hiyo mtaa wote umeshasimama mbele yake. Mimi nilisimama mwaka jana nikitafuta cheti cha kujiandikishia mtihani, akaniambia "rudi kesho" bila kuinua kichwa, nikarudi kesho tatu. Hilo nalitaja ili usije ukasema nimekuficha.

Sare yake yeye alikataa kupimwa. Alileta kitambaa akasema hana muda, "andika kiuno thelathini na nane, basi," na mama akaandika, akakata, ila niliona ameacha akiba kubwa ndani ya mishono. Jumamosi iliyopita akaja kulichukua gauni, kumbe halipandi. Benchi limejaa wanakwaya, wanane, wengine wamesimama. Alitoka nyuma ya pazia amevaa nguo zake, akalitupa gauni kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha mtu mwingine.

"Fundi, hili umemshonea nani? Mimi au mjukuu wangu?"

"Pole dada," mama akasema. "Pole na jua hili. Kaa kwanza, upate hata maji, tuliangalie pamoja."

"Sijaja kunywa maji. Umeniharibia kitambaa. Mtu akikuamini unamfanya gunia."

"Hakijaharibika. Simama hapa kidogo, nipime tena, dakika moja tu."

Basi akapimwa, na mama akawa anamuuliza mazoezi ya kwaya yanaendaje, na yule mama anajibu kwa pua. Ukucha ukaja nyuma ya mgongo. Arobaini na sita. Nikaandika. Nilikuwa nimejiinamia kwenye kiti changu nikiomba anisahau, lakini akanigeukia.

"Na huyu? Tangu nimeingia hajafungua mdomo. Shule yote hiyo mnamlipia afundishwe kununa?"

Wakacheka. Mimi si kwamba nilinuna, mshauri. Mtu akiingia naanza kujiuliza nimwite mama, shangazi au dada, nimwamkie sasa au nimsubiri akae, nimtazame au nisimtazame, na nikishaamua mtu ameshapita na mimi nimeshaitwa mwenye maringo. Kwa lugha ya shule ni rahisi, neno moja linamtosha kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Kwa Kiswahili lazima kwanza umwone mtu ndipo umsalimie.

"Msamehe dada, ana haya tu," mama akasema.

"Haya gani! Mama hajui kushona, mtoto hajui kusalimia. Kweli mtungi mbovu haukosi kata yake."

Huo msemo hata haupo. Nadhani aliutunga pale pale, na watu wakacheka zaidi kwa sababu uliendana. Nikamtazama mama, naye anatabasamu, anakunja futi mkononi taratibu kama mtu aliyeambiwa habari za hali ya hewa. Hapo ndipo nilipoinua kichwa, nikauliza kwa sauti safi, nzuri kabisa, sauti ambayo walimu wangu wangeipenda:

"Samahani mama, hii ya Mwenyekiti, kiuno ni arobaini na sita, siyo? Naona mwanzo alituandikisha thelathini na nane."

Mmoja kwenye benchi akakohoa, lakini haikuwa kikohozi, na mwingine akajifunika uso kwa kanga, na mabega yao yote yakaanza kutikisika. Mwenyekiti hakunifokea. Alichukua mkoba wake, gauni akaliacha, na alipofika mlangoni akageuka akasema "asante fundi" kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Ile asante ndiyo inayonisumbua kuliko matusi yake yote.

Mama akawaambia wale wa kwenye benchi, "Jamani, mtoto aliandika harakaharaka, akashindwa kusoma namba yake mwenyewe. Mwanangu hana mdomo huo." Na hivyo ndivyo anavyomwambia kila mtu mpaka leo, amemwambia shangazi, amemwambia mshona viatu wa nje. Huyo mshona viatu alinikonyeza. "Binti, umemkata bila mkasi," akaniambia. "Safi sana." Na nilicheka, mshauri. Nilifurahi siku nzima, na nusu ya siku ya pili.

Siku ya tatu nilipita karibu na ile ofisi, foleni ndefu, na kijana mmoja aliyekuwa amechoka kusubiri akaita kwa nyuma, "Arobaini na Sita, tuhudumie!" Foleni nzima ikacheka. Yeye aliendelea kugonga muhuri bila kuinua kichwa, kama siku ile ya kwangu, lakini mimi nilikuwa pembeni nikaona masikio yake yamesikia. Mazoezi ya kwaya ya katikati ya wiki hakwenda. Gauni lake liko kwetu kwenye msumari, lina alama za chaki, na kila nikilipita ni kama linanitazama.

Sasa mama amesema Jumamosi hii atakwenda kwenye mazoezi ya kwaya, atasimama mbele ya wote aombe radhi, aseme kosa ni lake, hakunifundisha kazi vizuri, na mtoto alishindwa kusoma mwandiko. Daftari amelichukua tangu siku ile, anaandika mwenyewe. "Pumzisha macho, mwanangu," aliniambia, akanipa vifungo nishone.

Ukweli sijamwambia mtu. Namba niliisoma vizuri. Niliisoma vizuri, nikaichagua, nikasubiri wamalize kucheka ili wote wasikie.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Shuleni kwenye somo la biashara tuliandika kwamba mteja daima yuko sahihi, nikapata alama zote, lakini huyu hakuwa sahihi, alidanganya namba kisha akamtukana fundi. Mama kwa upole wake alitukanwa. Mwenyekiti kwa ukali wake anaheshimiwa, ana kiti na muhuri. Mimi miaka kumi na saba nimekaa kimya nikaitwa sina adabu, na siku moja niliyosema samahani, nikasema mama, nikauliza kwa upole bila tusi hata moja, ndiyo siku niliyofanya kitu kibaya kuliko vyote. Sasa adabu ni nini? Ni woga? Na nikimwambia mama ukweli si ndiyo nitamuua kabisa, yeye anayeapa kwamba sina mdomo huo? Au ninyamaze, Jumamosi ipite? Kunyamaza ndiko ninakokuweza.

Ni mimi,
Mwenye Daftari

*

Marahaba, Mwenye Daftari.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakukasirikia, kwa hiyo leo utavipata vyote viwili.

Kukaa kitini ukiangalia mama yako anadharauliwa na benchi zima linacheka, hilo linauma, na sitakuambia halikupaswa kukuuma. Mwenyekiti alikosa adabu. Aliingia kwa makelele, akatupa nguo juu ya kitambaa cha watu, akamtukana fundi ndani ya kazi yake. Na mtu anayekaa kwenye dirisha la umma akamjibu mtoto "rudi kesho" bila kumtazama, anafikiri kiti ni chake. Akiniandikia yeye, nitampa la kwake. Lakini ameniandikia nani? Wewe. Basi tuongee na wewe.

Unaniambia sauti yako ilikuwa nzuri. Ndiyo, na panya naye anapuliza huku anauma. Adabu haikai kwenye sauti, binti. Ungemfokea yule mama, ukamwambia "usimtukane mama yangu," ningekuita mkali, nikakusamehe kabla sijamaliza sentensi. Wewe ulichukua kitu ulichoonyeshwa kwa siri nyuma ya mgongo wake, ukakitoa nje mbele ya watu wanane, tena ukakifunga kwa "samahani" kama zawadi.

Unafikiri wanawake wale wanaleta vitambaa tu kwa mama yako? Wanaleta miili yao. Wanavua nguo kwenye ile kona kwa sababu wanaamini kitakachoonekana pale hakitatoka pale. Wale wanane waliocheka, usidanganyike na mabega yao. Kila mmoja alirudi nyumbani akijiuliza namba yake iko ukurasa wa ngapi, na huyu binti siku akiudhika atamsomea nani. Hiyo ndiyo hasara, na mama yako ameiona. Unadhani kwa nini sasa hivi anaandika mwenyewe?

Unauliza kama adabu ni woga. Rudi kwenye barua yako. Mwenyekiti alipokuwa anafoka, mikono ya mama yako ilikuwa inafanya nini? Inapima. Alimsimamisha mtu mwenye hasira, akamzungushia futi kiunoni, akapata namba ya kweli aliyonyimwa mwanzo, na bila wewe gauni lingetengenezwa kwa ile akiba ya mishono na kila mtu angeenda zake. Niambie, kati ya anayefoka na anayepima, nani alikuwa na duka mkononi? Aliyeogopa pale ndani ni yule aliyeikataa futi, si mama yako.

Na hiyo haya yako. Nilikuwa nayo hivyo hivyo, sikucheki. Lakini siku ile haikukuzuia, sivyo? Ulipotaka kuumiza, ulijua umwite nani, uanze vipi, umtazame nani. Kwa hiyo mdomo unao. Umekuwa ukiuweka akiba tu. Watu hawajui unachowaza kichwani unapochagua kati ya dada na shangazi, wanachokiona ni mtu aliyewapita. Ukikosea ukamwita shangazi aliyepaswa kuitwa dada, atacheka mtamaliza. Ukimpita, atakumbuka.

Fanya hivi, na uanze leo, usingoje Ijumaa.

Mwambie mama yako ukweli akiwa amekaa, cherehani imezimwa. Useme yale maneno mawili uliyoniandikia mimi, niliisoma, niliichagua. Usimweleze kwanza jinsi ulivyokasirika. Akikuuliza ndipo umwambie.

Kisha umzuie asiende kusimama mbele ya kwaya. Yeye anataka kukubebea mzigo, lakini kidonda hiki hakiponi kwa kutangazwa tena, kila radhi itakayoombwa pale mbele ni ile namba inasomwa mara ya pili. Mwombe akusaidie kulifumua lile gauni, mkafungue akiba, mkalishone, mkalipige pasi. Ulikunje wewe, ulifunge kwenye karatasi isiyoonyesha kitu ndani. Ulipeleke mwenyewe, nyumbani kwake, baada ya kazi. Usiende dirishani, foleni ina masikio. Umwamkie, usubiri akuitikie, asipokuitikia usimame tu. Umwombe radhi kwa Kiswahili. Ile lugha ya shule inakurahisishia, na hapa hapahitaji wepesi. Useme ulifanya makusudi. Usimtajie mama yako alivyotukanwa, usitaje namba, usimwambie "lakini." Huenda akakufungia mlango. Utakuwa umekwenda.

Jumamosi wewe ndiye wa kwenda kwenye mazoezi. Upite kwenye mstari wa wale wanane, umsalimie mmoja mmoja, kwa kumtazama. Jasho litakutoka, litoke. Na siku yoyote utakaposikia mtu anaita "Arobaini na Sita," iwe kwenye foleni, iwe kwa yule mshona viatu wako anayekonyeza watu, hapo ndipo usinyamaze. Useme, kwa sauti ile ile nzuri iliyosikika dukani, "Yule mama ana jina." Basi. Deni hilo ni la mdomo wako, si la mama.

Limebaki moja. Unaogopa kwamba ukweli utamuua mama yako. Binti, umeniandikia mwenyewe. Kuna fremu juu ya ovaloki, na kila anayekaa kwenye lile benchi anaonyeshwa mwandiko ambao hata aliyesahau miwani anausoma. Sasa mwenye kuitundika fremu hiyo anawaambia watu, chini yake, kwamba ulishindwa kusoma namba yako mwenyewe. Unadhani amesahau iko pale?

Anajua. Alijua kabla Mwenyekiti hajafika mlangoni. Amekupa vifungo ushone, anakusubiri.